Barua za Rosina wa Kedroni

Kwetu Friedenthal, kijiji cha jumuiya yetu ya Kikristo katika nchi ya Wajerumani, kila mtu huandika habari za maisha yake mwenyewe kabla hajafa, zipate kusomwa mbele ya jeneza siku ya maziko. Mwokaji mikate huandika, mfumaji huandika, na kikongwe asiyejua kushika kalamu humwomba jirani amwandikie. Rosina Hantke hakuandika. Alipokumbushwa alisema ameshaandika vya kutosha, na hakuna aliyethubutu kumwuliza mara ya tatu. Basi haya ni yale tuliyoyaona sisi tulioishi naye, pamoja na yale aliyoyatoa mwenyewe kidogo kidogo, siku ambazo ulimi ulimponyoka.

Alizaliwa mwaka 1812, binti wa mfumaji kitani, katika nyumba ambayo mtambo wa kufumia ulichukua nafasi kubwa kuliko watoto. Alipotimiza miaka kumi na minne alihamia nyumba ya wasichana, akafungwa utepe wa waridi chini ya kidevu. Kwetu utepe wa kofia humtangaza mwanamke: mwekundu ni mtoto, waridi hajaolewa, buluu ana mume, mweupe ni mjane. Mgeni akipita barabarani hana haja ya kumwuliza mtu habari zake.

Kila mwezi jumuiya nzima ilikusanyika ukumbini kusikiliza barua kutoka kwa wamisionari wetu, wale wa Labrador kwenye barafu ya kaskazini, wale wa Suriname kwenye misitu ya joto, wale wa kusini mwa Afrika. Mzee mmoja alisimama, akavaa miwani, akasoma. Dhoruba zilisomwa, na njaa, na vifo, lakini kila barua, hata ile ya msiba, ilimalizika kwa furaha. Rosina alikaa pale kila mwezi tangu utoto wake, na mtu akisikia furaha ya wengine miaka yote hiyo, mwisho wake ataitamani tu.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili pale msimamizi wa nyumba alipomwita chumba cha kunyooshea nguo.

"Rosina, kuna ndugu yuko Labrador anahitaji mke."

"Ndugu gani?"

"Leberecht Hantke."

"Simjui."

"Yeye pia hakujui. Kwa hiyo mko sawa."

Alipewa siku tatu za kuomba. Siku ya pili alikubali. Hakuna aliyemshurutisha, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema kwamba alishurutishwa.

Alikwenda kwa gari la farasi hadi Hamburg, kwa meli hadi London, na kutoka London akapanda meli ya misheni, ambayo ilikwenda Labrador mara moja tu kwa mwaka. Alitapika wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne akaanza kula, wiki ya sita wakakutana na barafu, na mabaharia wakawa wanaisukuma kwa miti mirefu usiku na mchana. Walipotia nanga Kedroni, kituo cha misheni, ilikuwa Agosti, na mbu walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuwaona nyumbani. Ufukweni alisimama mwanamume mwenye viatu vya ngozi ya mnyama wa baharini aitwaye sili, ncha ya pua imeungua kwa baridi, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye Rosina?"

"Kama si mimi, basi nimepanda meli ya mtu mwingine."

Leberecht alicheka hadi akakohoa, na Rosina alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoona ataweza. Walifunga ndoa siku ya tatu, na utepe wa waridi ukabadilishwa kwa wa buluu.

Kedroni ilikuwa nyumba moja ndefu ya mbao, kanisa dogo lililoungana nayo, ghala, na vibanda vya Wainuit, wenyeji wa pwani ile, vilivyotapakaa hadi majini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la viazi ambalo ndugu wa zamani walilitengeneza kwa kubeba udongo kwa ndoo, maana pale palikuwa mwamba mtupu. Wakati wa kiangazi, kila jioni, viazi vilifunikwa kwa mikeka visiuawe na baridi, na kila asubuhi vikafunuliwa. Ilikuwa kama kulea mtoto. Mavuno yakiwa mazuri walipata magunia manane yenye viazi vidogo mfano wa mayai ya njiwa, wakashukuru kama waliovuna mengi.

Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizikwa kabla ya kubatizwa. Wa pili alikuwa msichana, Benigna, aliyezaliwa Machi mwaka 1837. Juma lilelile Keturah, mwanamke Mwinuit aliyekuja kila siku kulainisha viatu vya ngozi kwa meno yake, alimzaa Persida. Watoto hao wawili walikulia jikoni kwa Rosina, wakagombania mfupa mmoja wa sili, wakasema lugha moja, na lugha hiyo haikuwa Kijerumani.

Desturi yetu ilijulikana na wote. Mtoto wa mmisionari, akifika miaka sita au saba, anarudishwa nyumbani asome, akae katika nyumba ya watoto chini ya masista walezi, na wazazi wanabaki kazini. Rosina aliijua alipokubali kuolewa. Kujua jambo ukiwa huna mtoto ni kitu kimoja, na kulijua huku mtoto amelala mapajani mwako ni kitu kingine kabisa.

"Nasikia mtoto unampakia melini," Keturah alimwambia, ngozi bado iko mdomoni.

"Amefika miaka sita. Anakwenda shule kwetu."

"Kwenu wapi? Kwao ni hapa. Jino lake la kwanza nimeling'oa mimi."

"Huku hakuna shule, Keturah."

"Persida kuchuna sili anafundishwa na nani? Si na mimi? Hata mbwa wangu jike, mguse mtoto wake uone kama utaondoka na vidole vyote. Wewe unamfunga wako shali, unamwambia kwaheri."

"Usiniseme hivyo."

"Nisemeje sasa? Na nyie ndio mliokuja kutufundisha kupendana!"

Rosina akaendelea kukunja nguo za mtoto. Nami nimelifikiria neno hilo la Keturah miaka mingi.

Siku ya meli kuondoka, mtoto alidhani wanasafiri wote. Alikuwa ameitia aproni ya mama yake kwenye sanduku lake mwenyewe, akaikunja vizuri. Aliingizwa kwenye mashua, akakalishwa mwisho wa ubao wa kukalia, akasogea ili kuacha nafasi.

"Mama, kaa hapa," alisema kwa Kiinuit, akipigapiga ubao.

Dada mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani kwa ugonjwa akaketi mahali pale. Ndugu waliokuwa ufukweni wakaanza wimbo wa kuaga, na Rosina akaimba sauti ya pili, sauti yake ya kila siku, mpaka meli ikapita nyuma ya kisiwa. Aliyoyafanya baada ya hapo hakumwambia mtu yeyote kwa miaka kumi na tisa, nami nitayasema pale alipoyasema yeye.

Mwaka uliofuata, meli ilipokaribia kuja, aliketi kuandika barua ya nyumbani. Aliandika kurasa mbili, akampa mumewe asome. Leberecht alisoma taratibu, kisha akaziweka mezani na kiganja chake juu yake.

"Hii itasomwa ukumbini, Rosina."

"Najua."

"Kuna kina mama wengine wako pwani hii, mwakani ni zamu yao. Nakala zikiletwa huku, wataisikia. Na mtoto mwenyewe atakuwa amekaa pale. Unataka ayasikie haya mbele za watu?"

Hakuwa mtu mkatili, Leberecht. Alikuwa amekonda mwaka ule kuliko mke wake. Rosina akazichukua kurasa zile, akazitia jikoni motoni, akaandika nyingine. Barua ya siri kwetu haikuwapo, maana hata zile zilizoandikiwa watoto zilifunguliwa kwanza na walezi, na majibu ya watoto yalinakiliwa kutoka ubaoni, wote maneno yaleyale. "Wazazi wapendwa, ninaendelea vizuri katika masomo na katika neema." Rosina alipokea barua za namna hiyo, moja kwa mwaka, kwa miaka kumi na tisa. Mwandiko ulikua, maneno hayakukua.

Alipotaka kujua mwanawe ana kimo gani alimtazama Persida. Persida alipong'oka meno ya mbele, Rosina alijua. Persida alipoanza kuwakwepa vijana, na baadaye alipoacha kuwakwepa, Rosina alijua. Alimshika mikono usiku wa kujifungua mtoto wake wa kwanza, na yule mtoto alipolia Rosina alitoka nje akasimama theluji ikimpiga usoni, maana hapo ndipo hesabu yake ilipokoma. Benigna alikuwa hajaolewa. Tangu siku hiyo hakuweza tena kumwona mmoja kwa kumtazama mwingine.

Leberecht alikufa mwaka 1861 kwa ugonjwa wa kifua. Kwa kuwa mjane hawezi kushika kituo, meli ya mwaka uliofuata ilimchukua Rosina. Keturah alikuja ufukweni, meno yake yameisha kwa kazi ya viatu.

"Nenda ukamchukue mtoto wako," alimwambia.

"Amekuwa mtu mzima, Keturah."

"Basi nenda ukachukue mtu mzima. Bora kuliko mikono mitupu."

Kwa maneno hayo alisafiri miezi miwili. Alikuwa na miaka hamsini, na katika dunia nzima hakutaka kitu kingine ila kuitwa mama na mtu anayemaanisha.

Benigna alimpokea mlangoni mwa nyumba ya wajane. Alikuwa mrefu, mweupe, utepe wa waridi umefungwa barabara, mwalimu wa mwandiko katika shule ya wasichana. Alimpa mama yake mkono.

"Karibu nyumbani, mama. Natumaini safari haikukuchosha."

"Haikunichosha."

"Namshukuru Mungu. Nitakuja Jumapili baada ya ibada."

Akaja Jumapili baada ya ibada, akakaa nusu saa, mgongo haukugusa kiti. Akaja Jumapili iliyofuata. Aliuliza hali ya afya, akaeleza hali ya hewa, akanywa kikombe kimoja cha kahawa, akaaga. Rosina alimshonea soksi, na Benigna alishukuru kwa sentensi kamili. Ukumbini walikaa wasichana sitini wenye nguo moja ya kijivu na kofia moja nyeupe, na Rosina, akiwatazama kwa nyuma kutoka safu ya wajane, alimchagua mmoja akidhani ndiye Benigna, akawa anamwombea ibada nzima. Walipoinuka yule mtu akageuka, kumbe ni mwingine.

"Usijali," aliambiwa na Dada Sidonia, mjane mwenzake wa chumba kimoja, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona. "Mimi mume wangu nilimchanganya na kaka yake siku ya harusi. Ukizoea utamjua kwa mwendo."

"Nina miaka mingapi ya kuzoea, Sidonia?"

"Ee, hapo sasa."

Ilikuwa wiki ya tisa pale Ndugu Menzel, mmoja wa wazee wa jumuiya, alipobisha hodi. Alikuwa na barua kutoka Suriname. Ndugu Christlieb Opitz, aliyeko kazini Paramaribo, alikuwa amefiwa na mkewe na kuhitaji mwingine. Wazee wameomba, wamefikiri, wamemwona Dada Benigna anafaa.

"Benigna wangu?"

"Mwenyewe ameshakubali. Kwa kuwa mzazi yupo, utaratibu ni kumwomba mzazi ruhusa. Mzazi akikataa, wito unakwenda kwa dada mwingine, na hakuna kinyongo."

"Mkewe huyo ndugu alikufa kwa nini?"

"Homa. Alidumu miezi saba."

"Huyo ndiye mke wake wa kwanza?"

Ndugu Menzel alitazama dirishani. "Wa pili. Wa kwanza alidumu mwaka na kidogo."

"Ndiyo kusema miezi inapungua," alidakia Dada Sidonia kutoka kitandani kwake.

"Nimekataa," Rosina alisema.

"Dada, chukua muda hadi Jumamosi..."

"Jumamosi pia nitakataa."

Hakuwahi kukataa jambo maishani, na neno lenyewe lilimtia joto mwilini. Alilala vizuri usiku ule. Alijua kwamba kwa neno moja amempata mwanawe abaki upande huu wa bahari, awe wa Jumapili nusu saa au vyovyote atakavyokuwa, na muda upo.

Alhamisi Benigna alikuja, siku isiyo yake, vumbi la chaki bado liko kwenye mkono wa gauni. Dada Sidonia, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, alitoka chumbani bila kuombwa.

"Nimeambiwa umekataa, mama."

"Nimekataa."

"Kwa nini?"

"Wanawake wawili wamekufa kule."

"Wewe ulikwenda Labrador."

"Labrador kuna baridi tu. Baridi unaivalia nguo. Homa utaivalia nini?"

"Mama, si wewe wa kusema hivyo." Benigna aliongea kwa upole, kama anayemsahihisha mwanafunzi. "Mimi nimelelewa kwa barua zako. Ile ya kwanza naijua yote. 'Siku meli ilipoondoka tuliimba ufukweni, na Bwana alitujalia kumtoa mtoto wetu kwa furaha, wala hakuna chozi lililoanguka.' Ilisomwa nimekaa benchi la mbele, nina miaka saba. Ukumbi mzima ulinigeukia ukatabasamu. Basi kila nilipotaka kulia usiku nilijiambia, mama hakulia, wewe ni nani ulie? Nikanyamaza. Watoto wengine walilia, mimi nikawa mfano. Na leo, wewe uliyenitoa kwa furaha, unashindwa kunitoa?"

Hapo angeweza kunyamaza. Angeweza kusema amezeeka, au anaumwa, au hataki tu, na Benigna, aliyefundishwa kutii, angetii. Wengi wetu tuliosikia habari hii baadaye tumesema heri angenyamaza. Lakini alikuwa amebeba lile jambo kwa miaka kumi na tisa na mtu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake.

"Nilidanganya," Rosina alisema.

"Ulidanganya nini?"

"Yote. Meli ilipopita kisiwa nilikwenda shamba la viazi nikalala kifudifudi kati ya matuta. Nilikula udongo, Benigna. Sijui kwa nini, nilikuwa nautia mdomoni nisisikike. Jioni baba yako akaja kufunika viazi kwa mikeka. Akafunika tuta moja moja, akafika nilipolala, akanifunika na mimi. Akakaa pembeni. Hatukusema kitu. Siku ya tatu ndipo niliposimama. Barua ya kwanza niliiandika hivyo hivyo ilivyokuwa, baba yako akasema itasomwa, nikaichoma."

Benigna hakukaa chini. Alishika ukingo wa meza.

"Ulilia."

"Mwanangu, sijaacha."

"Ulilia," alirudia, na sauti yake sasa haikuwa ya mwalimu. "Na mimi je? Unajua nilifanya nini mimi? Nilijifunza kutokupenda mtu ili nifanane na wewe. Nilikaa nikajifunza, kama mtu anavyojifunza kushona! Miaka kumi na tisa! Siku hizi naona wenzangu wakifiwa wanalia, nawatazama nisijue wanaanzaje. Kumbe ulikuwa umelala shambani."

"Nisamehe."

"Nikusamehe kitu gani? Kulia au kutokulia?"

Rosina alinyanyuka akamshika mabega. Benigna alisimama mikononi mwake kama koti lililotundikwa kwenye msumari. Hakumsukuma. Hakujua la kufanya na mikono yake mwenyewe, akaiacha ining'inie, na hiyo ilimuumiza Rosina kuliko kama angesukumwa.

"Nipe ruhusa," Benigna alisema, kinywa kikiwa karibu na kofia ya mama yake. "Kabla ya leo nilitaka kwenda kwa sababu wameniita. Sasa siwezi kukaa hapa. Kila benchi lililoko ukumbini nakumbuka nilivyokaa juu yake bila kulia. Nipeleke mahali ambapo hawajasikia barua zako."

Basi hivyo ndivyo ukweli ulivyomfanyia. Uongo ulimchukua mtoto kwa miaka kumi na tisa, na ukweli, siku ya kwanza ulipotoka, ukamchukua moja kwa moja. Angemnyima ruhusa sasa, angebaki na mtu asiyeweza kupumua. Rosina alikaa na jambo hilo usiku mzima, na Jumamosi Ndugu Menzel alipokuja alimkuta ameshavuta meza dirishani.

"Andika tu kwa kifupi," alisema Ndugu Menzel. "Mimi, mjane Hantke, namtoa binti yangu. Uongeze 'kwa furaha'. Itasomwa kesho."

Rosina alimtazama. Hakuwa na hila, maskini. Alikuwa na mafua na alitaka kurudi nyumbani kwake. Rosina akaandika 'kwa furaha'.

Kesho yake barua ikasomwa. Wasichana sitini waliinamisha kofia zao sitini, na msomaji alipofika kwenye neno lile kofia moja, safu ya nne, iliinuka na kugeuka nyuma kabisa, jambo ambalo kwetu halifanyiki ibadani. Benigna alimtazama mama yake. Alitazama muda mrefu, macho yamefunguka, akiwa mtu pekee pale ndani aliyejua neno hilo limeandikwaje. Kisha alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakaanza kumtikisika, na alikuwa analia vibaya, kwa kukwama, kama mtu asiyezoea kazi. Waliokuwa karibu naye walidhani ni neema imemshukia. Wakaanza wimbo.

Wiki mbili baadaye aliondoka, utepe wa buluu ukiwa tayari sandukuni. Asubuhi ile aliingia chumbani kwa mama yake akamkumbatia mwenyewe, akiwa hajui kichwa aweke upande gani.

"Utaniandikia, mama?"

"Nitakuandikia."

"Zinafunguliwa."

"Wafungue. Mimi nimechoka nao."

Na kweli aliandika, barua ya kwanza ya kweli tangu aolewe, kurasa tisa pande zote. Aliandika kuhusu yule kaka aliyezikwa bila jina, kuhusu mahali kwenye mashua palipoachwa wazi, kuhusu Persida na namna alivyomtumia mtoto wa watu kumkumbuka wake. Alimpelekea Ndugu Menzel ikiwa wazi. "Soma," alimwambia. Ndugu Menzel alisoma ukurasa mmoja amesimama, akaukunja, akatafuta lakiri akaifunga mwenyewe bila kuuliza lolote. Ikapelekwa Paramaribo.

Ilirudi mwezi wa Septemba, lakiri haijavunjwa. Pamoja nayo kulikuwa na barua ya ndugu wa kule. Dada Benigna Opitz alipatwa na homa wiki ya kumi na moja baada ya kushuka melini, akakaa nayo siku tano, akazikwa siku ya sita. Hesabu ilionyesha kwamba Rosina alipokuwa akiandika ukurasa wa kwanza, mwanawe alikuwa ameshakaa kaburini wiki mbili.

Barua ya ndugu ilisomwa ukumbini kama desturi. Baada ya ibada Rosina alimsubiri Ndugu Menzel mlangoni.

"Wamesemaje kuhusu siku zile tano?"

"Umesikia, dada. Alikwenda kwa Bwana wake kwa furaha."

"Aliita mtu?"

"Wameandika kwa furaha."

"Najua walivyoandika. Nauliza aliita mtu? Alilia?"

Ndugu Menzel aliifungua tena karatasi ile, akaisoma kuanzia juu hadi chini, akaigeuza nyuma ambako palikuwa peupe.

"Haijasemwa," alijibu.

Rosina Hantke aliishi miaka kumi na minane baada ya hapo, na hakuna mtu aliyemjibu.